Maswali ya Wasomaji: Rangi Inayofungwa Foili

SWALI: Assalaam alaikum, Mhariri. Binti yangu anasomea kazi ya maabara, na alipokuja likizo alinionyesha picha za seli zinazong'aa kijani, akasema zimetiwa rangi ambayo chupa yake hufungwa foili isipigwe na mwanga. Mimi ni mvuvi; nikamwambia ni kama bahari inavyomeremeta kasia likigusa maji usiku wa giza. Je, nimekosea? Na kitu king'aacho chaogopaje mwanga? (Mzazi, Shela, Lamu)

JIBU: Waalaikum salaam, mzee wetu. Umeremetaji wa baharini hutoka kwa viumbe wadogo mno wanaojitengenezea mwanga kwa kemikali za mwilini mwao, lakini rangi ya binti yako haina mwanga wake. Hukopa, kisha hulipa pungufu. Fluoresini, rangi mojawapo ya aina hiyo, ambayo Adolf von Baeyer wa Ujerumani aliitengeneza mwaka 1871, hufyonza mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa nanometa (sehemu za bilioni za mita) 495 hivi na papo hapo kuutoa ukiwa kijani, nanometa 520 hivi, kwa kuwa sehemu ya nguvu yake imepotea kama joto. Kwa tofauti hiyo, chujio la hadubini huzuia bluu na kupitisha kijani peke yake. Noti chini ya taa ya zambarau ya mwenye duka hung'aa kwa njia iyo hiyo.

Kazi hasa ni kuifikisha rangi inapotakiwa. Mwaka 1941, huko Marekani, Albert Coons na wenzake walionyesha kuwa rangi ing'aayo yaweza kufungwa kwenye kingamwili, yaani protini ambayo kwa maumbile yake hutafuta kitu maalumu na kukishika. Fluoresini itumikayo leo huwa imeongezwa kishikizo cha kikemikali kinachonasa amini, yaani sehemu zenye nitrojeni, za protini, katika maji yenye pH (kipimo cha uasidi au ubesi) ya 9 hivi. Hapa wanafunzi wengi hudhani kuwa rangi ikizidi na mng'ao utazidi, kumbe molekuli zake zikisongamana juu ya kingamwili moja huzimana, na nyingine huziba mahali pa kushikia. Iliyobaki bila kushika kitu nayo sharti iondolewe, la sivyo picha nzima hugeuka ukungu wa kijani.

Ama foili, sababu yake ni kwamba molekuli iliyokwisha kubeba nguvu ya mwanga huwa rahisi kuharibiwa na oksijeni, na ikiharibika haing'ai tena. Taa inayoiwasha ndiyo inayoimaliza. Basi binti yako na atafute mahali pa kupigia picha kwa mwanga hafifu wa kawaida, na ule wa bluu aufungue wakati wa kupiga tu.