Mtoto wa marehemu kaka ameitwa mahakamani Marekani, serikali itampa wakili?

SWALI: Dada habari, mi nipo Ujiji. Kaka yangu alifariki akaacha mtoto wa kiume, sasa hivi ana miaka 11, mama yake aliondoka kitambo hatujui alipo. Ndugu wa upande wa mama walimchukua wakapitia Mexico, mpakani wakatenganishwa, sasa mtoto yupo Texas kwa jamaa yetu na kapewa barua ya mahakama ya uhamiaji wanataka kumrudisha. Wakili anataka hela ambayo jamaa hana. Kwani serikali yao haimpi mtoto wakili? Na sie huku tusaidieje?

JIBU: Shangazi shikamoo, pole sana na msiba na hili lililofuata.

Haimpi. Sheria yao inasema anayetakiwa kufukuzwa nchini anaruhusiwa kuwa na wakili ila serikali hailipi, na haijali kama ana miaka 40 au 4. Mtoto akishtakiwa kwa wizi huko anapewa wakili, hilo Mahakama ya Juu yao iliamua tangu 1967, lakini kesi ya kufukuzwa inahesabiwa ni ya madai sio jinai kwa hiyo haimo. Serikali yenyewe inaleta mwanasheria wake na faili lake, mtoto anakaa upande wa pili na hedifoni masikioni anamsikiliza mkalimani, halafu hapo ndo ajieleze kwa nini asirudishwe! Mimi naona ni dhuluma na nasema waziwazi.

Sasa jamaa afanye hivi, tarehe ya barua asiikose kabisa maana mtoto asipotokea hakimu anaweza kuamuru afukuzwe hivyo hivyo bila yeye kuwepo. Siku hiyo waombe muda wa kutafuta wakili, inaruhusiwa, na waombe orodha ya mawakili na mashirika ya bure, mahakama inayo. Wakihama nyumba mahakama ijulishwe ndani ya siku 5 za kazi. Na kama mtoto Kiha ndo anakielewa vizuri kuliko Kiswahili waseme mapema, mkalimani analipwa na mahakama. Vishoka wanaojifanya mawakili wawakimbie, wapo hata huko.

Wakimpata wakili wamuulize kuhusu kibali cha watoto waliotelekezwa au kunyanyaswa na mzazi, kipo kwa walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, na kufiwa na mzazi majimbo mengine wanakuhesabu humo. Kinaanzia mahakama ya jimbo, sio ya uhamiaji, mtoto peke yake hawezi kukijua hicho.

Nyie Ujiji mna kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Tafuteni cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cha kifo cha baba yake, kama havipo anzeni RITA wiki hii, pale ofisi ya mkuu wa wilaya. Halafu wewe mwenyewe nenda kwa wakili ule kiapo ueleze mama aliondoka lini na nani alikuwa anamlisha huyo mtoto. Vyote vitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri aweke sahihi kuthibitisha, piga picha utume leo wasap, orijino zifuate.