Jibu kwa mleta mada: redio za lugha za mama zinajenga au zinabomoa?

Wakuu, nimeufuata uzi huu toka ulipoanza. Mleta mada anauliza kama nchi yenye jamii nyingi na lugha nyingi, inayojiita ya kidemokrasia, ina haja yoyote na redio na magazeti ya lugha moja moja, au ni kuchezea kiberiti ndani ya nyumba ya makuti. Mimi nilikaa miaka saba kwenye kituo cha aina hiyo, minne nikiwa mtangazaji na mitatu kwenye kiti cha mhariri. Sitataja kituo wala jamii, maana wahusika wengine bado wako kazini.

Nianze na jina. Ukisema "vyombo vya kikabila" umeshatoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Sisi ndani tulisema "redio ya lugha ya mama", na msikilizaji alisema "redio yetu" tu. Hilo neno "yetu" ndilo tamu, na ndilo lenye sumu. Nitalirudia.

Kazi kubwa ya redio hizi, ambayo walioko nje hawaioni, ni kuifanya serikali ieleweke. Australia waliligundua hilo mwaka 1975. Serikali yao ilikuwa inaanzisha bima ya afya ya taifa, Medibank, na wahamiaji wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa wanapewa nini. Vikafunguliwa vituo viwili, 2EA kule Sydney na 3EA kule Melbourne, kwa majaribio ya miezi mitatu tu. Ile miezi mitatu haijaisha hadi leo: ndivyo vilivyozaa shirika la SBS, linalotangaza kwa lugha zaidi ya 60. Hakuna aliyekaa akapanga falsafa ya utamaduni. Walikuwa na fomu ya kuelezwa, na watu wa kuielezwa hawakuielewa lugha ya fomu.

Kwetu fomu ilikuwa karatasi ya kura. Kabla ya uchaguzi mmoja tuliletewa maelezo yaliyokwisha kufasiriwa, tusome hivyo hivyo. Aliyefasiri alikwenda neno kwa neno, na "kura iliyoharibika" ikatoka kwa lugha yetu kama kitu kilichooza. Nikasoma. Haikupita dakika tano akapiga simu mzee mmoja: "Mwanangu, hizo karatasi zilinyeshewa?" Studio nzima tukacheka, kisha tukaona aibu, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki kabisa. Mtu ambaye kura yake inaweza kutupwa ameambiwa habari za kuoza. Tukaiweka kando ile tafsiri, tukaomba karatasi ya mfano, na mwenzangu akaielezea hewani kama anayemwelekeza kipofu njia: hapa pana picha, kando yake kisanduku, weka alama moja, ukiweka kwenye visanduku viwili hawataihesabu, ukikosea kabla ya kuitumbukiza omba nyingine. Tulirudia kila asubuhi kwa wiki mbili. Hakuna gazeti la taifa ambalo lingekuwa na subira hiyo kwa watu wa lugha ndogo, na wala silaumu, si kazi yao.

Kwa hiyo wale mnaosema redio hizi zinawafungia watu ndani ya jamii zao, nadhani mmelishika jambo kinyume. Gazeti la Forverts, lililoanza New York mwaka 1897, liliandikwa kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na mhariri wake Abraham Cahan alipokea barua za wahamiaji wakiuliza namna ya kuishi Marekani. Mwaka 1903 baba mmoja alilalamika kwamba mwanawe anataka kucheza besiboli, mchezo wa kipuuzi. Cahan akamjibu amwache mtoto acheze. Ushauri wa kuingia katika nchi mpya ulitolewa kwa lugha ya nyumbani, na ungetolewa kwa lugha nyingine baba yule asingeusoma.

Kazi ya pili ni kuwamulika wakubwa wa kwenu. Hii ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo inayokimbiwa. Chama cha ustawi cha jamii yetu kilikusanya michango ya ada za watoto, na hesabu zikawa hazisomwi. Kwa vyombo vya taifa hiyo si habari, ni fedha ndogo za watu wadogo. Kwetu ilikuwa habari ya mwaka. Tulipoitangaza, wafanyabiashara watatu waliondoa matangazo yao ndani ya wiki moja, na mmoja akaniambia kwa upole, "Kijana, nguo chafu hufuliwa nyumbani." Nikamjibu kwamba sisi ndio nyumbani. Jibu zuri, ila mishahara ya mwezi ule ilichelewa. Hapo ndipo "yetu" inapokaba koo: ukiikosoa serikali unashangiliwa, ukimgusa mkubwa wa jamii wewe ni msaliti.

Sasa tuje kwenye moto, maana wachangiaji wawili wameitaja Rwanda. RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilianza kurusha matangazo Julai 1993, ikiwa na muziki na mizaha, ikawaita Watutsi mende. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake, Nahimana na Barayagwiza. Yote kweli. Lakini jamani, Kinyarwanda ni lugha ya Wanyarwanda wote! Aliyewindwa alisikia kila neno. Ule haukuwa ubaya wa lugha ndogo isiyoeleweka na jirani. Na Kenya, katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, neno lililotumika kuwataja watu wa kuondolewa lilikuwa "madoadoa". Hilo ni Kiswahili, tena sanifu. Ukizifunga redio zote za lugha za mama kesho, madoadoa yatabaki.

Nasema hivi si kwa kujitoa. Nina langu.

Usiku mmoja, kwenye kipindi cha wasikilizaji kupiga simu, mtu mmoja alisema msimu wa kupalilia umefika na magugu ya mtaani yamezidi. Ukiandika kwenye karatasi ni kilimo tu. Kila mzungumzaji wa lugha yetu alijua magugu ni akina nani. Mtangazaji akacheka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, kitufe cha kukata simu kiko mbele yangu, nami nikacheka. Simu ikaendelea karibu dakika nzima.

Fundi mitambo wetu hakuwa mtu wa jamii yetu. Lugha alijifunza kazini, na tulizoea kusahau kwamba anaijua. Asubuhi hakunisalimia. Alipomaliza kukunja waya zake akaniuliza, "Bosi, jana usiku mlikuwa mnapalilia nini?"

Nimeyafikiria sana maneno yale. Aliyeelewa ubaya wa simu ile hakuwa na ruhusa ya kuikata, na mwenye ruhusa alikuwa anacheka. Sheria za uchochezi zilikuwepo, ziko ukutani ndani ya fremu. Msimamizi wa leseni hakuwa na mtu hata mmoja anayeielewa lugha yetu, kwa hiyo asingejua hata tukipalilia mwaka mzima.

Mleta mada, swali lako mimi ningeligeuza: ndani ya jengo lile nani ana mkono kwenye kitufe, na anamwogopa nani? Kituo kinachomtegemea mfanyabiashara mmoja au mwanasiasa mmoja kitachochea hata kikitangaza kwa lugha ya taifa. Baada ya siku ile tulibadili mambo mawili. Simu zote zilianza kupita kwenye mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde kadhaa, na fundi akapewa ruhusa ya kukata bila kumuuliza mtu. Aliitumia mara nne nikiwa pale. Mara moja alikosea, akamkata bibi aliyekuwa akizungumzia magugu halisi, na tukampigia bibi kumwomba radhi hewani.

Kwa yule mdau aliyesema anataka kuanzisha kituo: weka akiba ya rekodi zako zote, angalau miezi kadhaa. Wiki moja baada ya simu ile viongozi wa jamii jirani walikuja kutaka kusikiliza kilichosemwa. Hatukuwa nacho. Juu ya rekodi ile tulikuwa tumesharekodi matangazo ya biashara.