Kabla hujakata rufaa dhidi ya uamuzi wa baraza la pensheni

Uamuzi wa baraza, yaani chombo kinachosikiliza malalamiko dhidi ya mifuko ya pensheni, ukitoka na umeshindwa, neno la kwanza mdomoni huwa "nakata rufaa." Nimekaa na watu wengi katika saa hiyo, nikiwasaidia kupanga makaratasi ya malalamiko yao dhidi ya mifuko ya pensheni. Ninachowaambia kwanza ni kwamba huenda mahakama isisikilize kisa chako upya.

Baadhi ya nchi huruhusu rufaa ya aina hii kwa hoja ya kisheria tu, yaani kwamba baraza limekosea sheria, si kwamba limepima ushahidi vibaya. Australia iliunda baraza la malalamiko ya pensheni kwa sheria ya mwaka 1993, na asiyeridhika alikwenda Mahakama ya Shirikisho kwa hoja ya kisheria, ndani ya siku 28. Mwaka 2018 chombo kingine kikaanza kupokea malalamiko hayo, lakini mpaka huo ukabaki palepale. Afrika Kusini ni tofauti: una wiki 6, na Mahakama Kuu inaweza kuupima mgogoro wenyewe. Kwa hiyo soma sheria ya nchi yako, usitegemee ya jirani. Kenya, kwa mfano, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2019 kwamba migogoro ya wanachama na wadhamini (wanaosimamia mali ya mifuko) ianzie kwa msimamizi wa sekta, kisha baraza, kabla ya mahakama.

Sasa, hoja ya kisheria ni ipi? Dada mmoja alidai mafao ya kaka yake marehemu. Baraza likasema ushahidi hautoshi kuonyesha kwamba dada huyo alikuwa akimtegemea kaka yake. Alilia mbele yangu: "Hawakuniamini." Uchungu wake ulikuwa wa haki kabisa, lakini kutoaminiwa si hoja ya kisheria, kupima ushahidi ni kazi ya baraza. Tukausoma uamuzi aya kwa aya. Katikati tukakuta baraza limetumia kanuni za mfuko zilizorekebishwa baada ya kaka kufariki. Hapo ndipo penye rufaa! Tukaiandika juu ya aya hiyo tu, na risiti za ada na kodi ya nyumba alizolipiwa na kaka yake tukaziacha nje, ingawa yeye alitamani sana zionekane.

Risiti hizo mahali pake ni barazani, mapema, pamoja na barua za benki na maelezo ya mashahidi. Usiweke akiba ya ushahidi ukidhani utautoa mbele ya jaji.

Ujue pia kwamba ukishinda, mara nyingi mahakama haikuandikii hundi. Hurudisha shauri barazani lisikilizwe kwa kufuata sheria. Ukishindwa, unaweza kubebeshwa gharama za upande wa pili, hivyo muulize wakili mapema zinaweza kufika kiasi gani. Na siku uliyopokea uamuzi, andika tarehe juu ya bahasha na uitunze, maana muda wa rufaa unaweza kuhesabiwa kuanzia hapo.