Mkeo Amehamia Dodoma, Wewe Bado Uko Mbagala

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, nimeoa, tuna mtoto wa miaka miwili. Tulikuwa Mbagala, mimi nikiuza vifaa vya umeme Kariakoo. Miezi minane iliyopita mke wangu alihamishiwa Dodoma, nikaacha kazi nikamfuata. Sasa nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi na mshahara haufiki nusu ya nilichozoea. Wateja wa huku hawana haraka, mtu anakusalimia mpaka anakuulizia mbuzi ambao huna. Vumbi, upepo, maji ya chumvi. Mke wangu naye kabadilika. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ameshatoka kwenda Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, anarudi giza limeingia. Anayepika ni mama yake, aliyekuja kutoka Kondoa na huu mwezi wa tatu haondoki, na kila siku ni mlenda. Saa tisa usiku mke wangu anaanza kugongagonga madumu, usingizi wangu unakatika. Nikienda Dar kila baada ya wiki mbili kufuatilia mtu ninayemdai, ananuna. Maboksi yangu mawili sijayafungua mpaka leo, maana sioni kama haya ni maisha. Je, nimwambie achague, mimi au kazi? Wako, Mhamiaji wa Nkuhungu.*

Marahaba, mwanangu. Pole. Mwanaume kuacha mji wake amfuate mke si jambo dogo, wapo walioshindwa na hawasemi. Pole yangu imeishia hapo.

Tuanze na madumu. Umeyaandika kwa mstari mmoja, katikati ya mlenda na safari zako, kama mtu anayelalamikia paka wa jirani. Mimi mstari huo nimeurudia mara nne. Kwa nini mwanamke mwenye akili timamu agonge madumu saa tisa usiku? Kwa sababu maji ya mgao yanakuja yanapotaka yenyewe, na mara nyingi yanataka usiku. Kwa hiyo mkeo anaamka, anatega dumu chini ya koki, anasimama na khanga mabegani kwenye baridi, la kwanza likijaa anavuta la pili. Dumu la lita 20 halibebwi kimyakimya, mwanangu, lazima liguse mlango. Akimaliza anaoga, anavaa, anawahi gari la Mtumba, na kutoka Nkuhungu mpaka Mtumba unaukata mji wote, magharibi mpaka mashariki. Muda wote huo wewe uko kitandani. Halafu aliyeniandikia barua ya uchovu ni wewe!

Hivi hujawahi kujiuliza maji unayooga asubuhi yamefikaje bafuni?

Nami nilikuja mji huu kwa kumfuata mtu. Mwaka 1986, na treni ya reli ya kati, usiku kucha tumekaa juu ya mizigo, mtoto mgongoni. Wiki ya kwanza nililia kwa sababu ya sabuni. Nafua nepi, nasugua, povu halitoki, nikadhani duka limeniuzia sabuni mbovu nikaenda kugomba. Jirani yangu, mama wa Kigogo, alinisikia nikigomba akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia maji ya kisima hiki yana chumvi, nguo nyeupe zisubiri mvua, kinga chini ya bati, weka kwenye pipa. Mvua yenyewe ni ya kubahatisha, inaanza Novemba au Desemba, ikifika Mei mbingu imeshafungwa. Nilijifunza kuhesabu maji kama wengine wanavyohesabu hela. Lakini huyo mama nisingemjua kama ningeshinda ndani nikinung'unikia vumbi.

Sasa huyu bibi wa Kondoa. Unasema haondoki. Akiondoka, mtoto wa miaka miwili atashinda na nani? Mama yake yuko Mtumba, baba yake yuko dukani, na kila Ijumaa ya pili baba yake yuko kwenye treni. Dada wa kazi anataka mshahara, kitanda na sabuni yake, na bado utaniandikia barua nyingine kwamba ameondoka bila kuaga. Huyu mama kaacha shamba lake, kaacha kuku wake, analea mjukuu bure na kupika juu, halafu mkwe wake anahesabu miezi. Ningekuwa yeye ningeshapanda basi siku nyingi, nikuachie na sufuria. Kuhusu mlenda, ukiungwa karanga na ugali wa mtama ukapoa kidogo, mimi naacha nyama. Kama huupendi, pita sokoni Majengo jioni ununue unachopenda ukiwa njiani kurudi. Barua yako yote nimeipekua, sijaona mahali ulipoandika kwamba umewahi kurudi nyumbani na kitu mkononi.

Haya, tuje kwenye deni.

Nauli ya treni ya SGR daraja la kawaida, Dar mpaka Dodoma, ni 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Mara mbili kwa mwezi, 124,000, hujala, hujapanda bodaboda. Miezi minane inakaribia milioni moja. Huyo mtu unamdai kiasi gani? Maana kiasi hukukiandika, wala hukuandika kama amewahi kukupa hata senti. Deni gani linadaiwa Ijumaa usiku hadi Jumapili jioni? Siku hizi watu wanadaiana kwa simu, na hela inaingia kwa simu. Sisemi una nyumba ndogo Mbagala. Inawezekana kabisa ni kijiwe tu, kahawa, kashata na watu wanaokuita bosi kama zamani. Lakini mkeo hayumo kichwani mwako, anaona begi tu. Na anajua hesabu ya 124,000 kuliko wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayelia mshahara hautoshi. Njia ya mwongo fupi, mwanangu, na hii ya kwako sasa ina reli ya kisasa.

Nitaropoka kidogo, mnivumilie. Tangu mwaka 1973 tuliambiwa makao makuu ni Dodoma, watu wakacheka wakaendelea na Dar yao. Ilipofika 2016 ikawa kweli, na ofisi zikaanza kufungasha. Nikawaona wanaume wamekuja peke yao, mke na watoto wamebaki Kimara na Tabata, wanakula chipsi kila usiku na kupigiana simu za lawama. Baadaye wakaanza kuja wanawake, na waume nyuma yao, na hapo ndipo nikasikia vilio ambavyo sikuwahi kuvisikia. Mama zetu waliwafuata baba zetu Kigoma, Songea, Lindi, masufuria kichwani. Nani aliwauliza, "Mama, ulikokuwa ulikuwa unauza nini? Mshahara wako ni nusu ya ule wa zamani?" Waliambiwa mke hufuata mume, basi. Leo mume amefuata mke, anataka mtaa mzima umpe pole na mke awe anamwomba msamaha kila jioni kwa kuwa na kazi. Hawa vijana wanapenda mshahara wa mke ukiingia, ila mwenye mshahara akichelewa kurudi inakuwa kabadilika. Kabadilika nini? Kachoka.

Narudi kwako. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi minane na jembe hujaligusa. Kazini kwako unadharau wateja kwa sababu wanasalimia. Kariakoo unamvuta mtu shati, huku ukimvuta shati hutamwona tena. Mtu akiingia msalimie kwa Kigogo, "Mbukwenyi," muulize mvua, muulize mbuzi, atakwambia anajenga Nzuguni au Ihumwa, yuko kwenye linta, na fundi wake wa umeme amemkimbia. Umeme unaujua wewe! Nyaya, swichi, soketi, bei za jumla za Kariakoo unazo kichwani. Mji unajengwa kila upande, na wewe umekaa kaunta unapima misumari kwa uso wa msiba. Mwombe bosi wako kona moja ya duka uweke vifaa vya umeme, mgawane faida. Hiyo safari ya Dar, kama lazima uende, nenda mara moja kwa mwezi na urudi na mzigo.

Kumwambia achague wewe au kazi, usithubutu. Atachagua, na jibu hutalipenda.

Usiku wa leo saa tisa amka wewe. Usimwamshe, usimtangazie, usimpige picha madumu yaliyojaa ukamtumia. Jaza, funika, rudi ulale. Fanya hivyo wiki mbili. Na hela ya safari ya Ijumaa hii ianzishe kibubu cha tenki, hata la lita 500, watu wapumzike na makelele. Mama mkwe mpigie shikamoo ukiwa umeinama, siyo ukiwa unatazama simu, na umnunulie kilo ya zabibu.

Maboksi yale mawili yafungue Jumamosi ukiwa nyumbani, mtoto akikusaidia. Nina hakika moja lina makoti ya kukukinga na huo upepo unaoulalamikia.