Mhasibu anayetaka kuandika programu

Ndugu, umeuliza kama uache uhasibu ndipo ujifunze kuandika programu. Kazi usiache, huo uhasibu ndio mtaji wako. Anza na Python, lugha ya kuandikia programu, kwa muda wa saa moja kila siku, kisha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, na Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu zako. Video ya somo ukishaitazama, ifunge uandike mwenyewe bila kunakili. Hapo ndipo wengi hukwama.

Mradi wa kwanza: programu inayosoma faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zake zikitenganishwa kwa koma) la miamala ya benki na kuilinganisha na daftari la mauzo. Jihadhari na desimali. Python ukiiambia 0.1 + 0.2 hujibu 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huhifadhi namba kwa 0 na 1, na 0.1 haiingii humo kikamilifu. Fedha zihifadhi kwa senti, kama namba nzima.