Mama anaruka tembe ya maji

SWALI: Shikamoo Sista. Mama yangu anauza nyanya na vitunguu soko la Kibuye. Tuliambiwa moyo wake umedhoofika, hausukumi damu inavyotakiwa, akapewa dawa na kuambiwa apunguze chumvi. Juzi nilihesabu tembe za maji, zile Lasix, nikakuta zimebaki nyingi. Nikimwuliza anasema amemeza. Miguu imefura tena. Nimemgombeza mpaka salamu zetu zimekuwa za shingo upande. Nifanyeje?
Binti, Nyalenda

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kabla ya kumwuliza tena kama amemeza, mwulize kibanda chake kiko umbali gani na choo.

Tembe ile humfanya mtu akojoe maji yaliyozidi mwilini; huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa muda wa saa sita hivi. Mama akiimeza saa kumi na mbili asubuhi, saa moja yuko kwenye matatu amebana miguu, na saa mbili wateja wamemzunguka. Nani atamlindia nyanya kila akienda kukojoa? Na choo chenyewe ni cha kulipia. Kwa miaka ya uuguzi wangu nimewapokea wengi waliorudi wodini wamefura, na wengi wao hawakuwa wakaidi. Mzee mmoja wa Ahero alikuwa anaacha tembe kila akienda matanga, kwa kuwa aliona aibu kuinuka mara kwa mara mbele ya wakwe. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nilipomwuliza alicheka, halafu machozi yakamlenga.

Kwa hiyo mwende kliniki pamoja, uwe wewe wa kulitaja hilo la soko ikiwa yeye ataona haya. Mara nyingi daktari hukubali siku ya soko tembe isogezwe hadi mama afike nyumbani, mradi isiwe usiku. Kuisogeza si sawa na kuiruka.

Sasa chumvi. Mama anaweza kukuapia hajatia chumvi mbogani, na akawa anasema kweli. Lakini mrenda wenu mnaulainisha na nini? Magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, nayo ndiyo inayoufanya mwili ushikilie maji. Hata viungo vya pakiti vina chumvi, na samaki waliokaushwa kwa chumvi ndio usiseme. Upikaji ubadilike kwa nyumba nzima. Ukimpikia sufuria yake peke yake utamfanya ajione mgonjwa mezani, na atachovya kwenu.

Mwulize pia mgongo anautuliza na nini baada ya kubeba kreti. Ibuprofeni na diklofenaki humrudishia uvimbe hata kama tembe ya maji anaimeza vizuri.

Tafuteni mizani. Kama hamna, duka la dawa la jirani wanaweza kuwa nayo. Muhimu iwe hiyohiyo kila mara. Apimwe asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai, mwandike kwenye daftari. Akiongeza kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si ugali, na msingoje tarehe ya kliniki. Jioni mbonyeze kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, uhesabu hadi tano. Kishimo kikibaki, mwoneshe kwa macho yake. Wengi huamini miguu hufura kwa sababu ya uzee au kusimama sana, na mtu hawezi kutibu asichokiona kuwa ni ugonjwa.

Kwa kuwa tayari miguu imefura, mpeleke wiki hii. Akianza kuhitaji mito miwili mitatu ili alale, au akaamka usiku akihema, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Na Jumapili, soko likifurika, nenda ukakae naye kibandani. Akiinuka, wewe uza nyanya.