Ukitoka Dodoma kwenda kuogelea, tazama mwezi kwanza

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, mtu wa Nkuhungu anaweza kwenda kuoga bahari na kurudi kulala kwake. Treni ya haraka hutumia kama saa tatu na nusu. Wengi huharibu safari kwenye kuchagua siku: wanatafuta Jumamosi yenye nafasi, wanafika ufukweni na watoto, wanakuta bahari imekwenda zake na kuacha mchanga na mawe.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ni bamvua: yanapwa mno, yanajaa mno. Siku hizo, pwani ya Dar es Salaam, maji hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa mpaka saa kumi jioni hivi. Hiyo ndiyo siku ya msafiri wa bara. Unafika maji yako mbali, watoto wanafukuza kaa mchangani, na kuanzia saa nane mnaoga huku maji yanaingia, yakikusukuma kurudi nchi kavu. Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kutwa nzima yanatoka. Kwa asiyejua kuogelea, na wengi wetu wa Dodoma tumejifunzia kwenye beseni, maji yanayotoka si ya kuchezea.

Ukiwa na shaka, chomeka kijiti pale wimbi linapoishia, subiri robo saa. Kijiti kikiwa majini, yanajaa. Mstari wa mwani mkavu juu ya ufukwe unaonyesha yalikofika mara ya mwisho. Tandika mkeka juu yake, si chini yake.

Ukishuka Stesheni, Kigamboni ni karibu: bajaji mpaka Feri, pantoni dakika chache, bajaji nyingine. Coco Beach ni mbali kidogo na foleni ipo, ila mihogo yake ya kukaanga, yenye kachumbari na pilipili, inasamehe mengi.

Mavazi ndiyo yanayowaponza akina mama. Dera likilowa linakuwa zito na linafunga miguu. Vaa taiti na fulana, kanga iwe ya kujifutia. Jinzi iache Dodoma. Na usiogope baridi ya Juni: wakati Dodoma mnavaa masweta, maji ya bahari bado ni vuguvugu. Kinachochosha ni joto la unyevu. Kwetu jasho hukauka kabla hujaliona. Kule linabaki mwilini, kwa hiyo kunywa maji kabla kiu haijaja.

Kaa kwenye maji ya kiunoni. Tyubu ya gari si usalama: asubuhi upepo wa nchi kavu huisukuma nje, na mtoto aliye juu yake hagusi chini. Mtu mzima awe upande wa bahari, watoto upande wa pwani. Vaa viatu vya plastiki penye mawe, kwani viumbe wa baharini wa miiba mirefu myeusi hujificha kwenye mianya. Ukichomwa na konyeza, yule kiumbe laini kama jeli anayeelea majini, suuza kwa maji yaleyale ya bahari, usisugue.

Dafu litikise kabla muuzaji hajalichonga. Lisipocheza maji, limejaa. Likicheza, linaelekea kuwa koroma, na nyama yake imeshakuwa ngumu.

Simu iweke kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 2019, na hata hivyo haikuwahi kuzuia chumvi. Chumvi ndiyo inayokula tundu la kuchajia.

Kabla ya treni ya jioni, usifute miguu ingali mibichi. Mchanga unashikwa na maji. Iache ikauke, nyunyizia poda ya mtoto, pangusa kwa kanga. Nywele zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, chupa mbili za lita moja na nusu zinatosha kwa watu wawili wenye nywele fupi. Mwenye rasta abebe dumu.